Pafu Linalovuja

Siku ya kipimo watu wa Boma Jeupe walivaa kama wanaokwenda harusini, ingawa kila mmoja alijua kwamba kabla ya adhuhuri kuna nyumba itakayomlilia mtu aliye hai.

Nakiete Mgonja alisimama mbele ya ukumbi, koti lake jeupe limefungwa vifungo hadi shingoni. Mezani palikuwa na kisahani cha plastiki chenye visima vidogo, na ndani ya kila kisima kilining'inia kikombe cha ukubwa wa kizibo cha chupa. Sakafu ya kikombe ilikuwa utando mwembamba wenye matundu ambayo jicho haliwezi kuyaona. Juu ya utando huo zilioteshwa seli za pafu la mtu mmoja, zilizokwanguliwa kwenye njia yake ya hewa majuma kadhaa nyuma, zikakua mpaka zikabanana ubavu kwa ubavu na kufanya tabaka moja. Maji yalikuwa juu ya tabaka, na maji yalikuwa chini yake. Kati ya maji na maji kulikuwa na uhai wa mtu.

"Kirumbi Mkanza," aliita karani wa Baraza.

Kijana fundi baiskeli alisogea mbele. Mama yake alimfuata nyuma, ameshika pindo la shati lake kama vile mwanawe bado anajifunza kutembea.

Nakiete alichukua kijiti cha umeme chenye miguu miwili. Mguu mfupi aliuingiza ndani ya kikombe, mrefu akaushusha nje yake, kisha akabonyeza. Umeme mdogo ulianza kutafuta njia. Seli zikishikana vizuri umeme hupata taabu kupita, na namba ya ukinzani hupanda. Zikiachia mianya, umeme hupenya kama maji kwenye chujio, na namba huanguka. Mpaka uliowekwa na Baraza ulikuwa mia tatu.

Namba ilitokea ukutani, kubwa, nyekundu. Mia moja tisini na nane.

"Pafu linavuja," alisema Nakiete. Hayo ndiyo maneno aliyotakiwa kuyasema, na sauti yake haikutetemeka kwa sababu alikwisha kuyasema mara nyingi mno.

Walinzi wawili walimshika Kirumbi mikono. Mama yake hakuliachia pindo. Walivuta, naye akavuta, mpaka shati likachanika na yule mama akabaki na kitambaa mkononi. Mlango wa pembeni ulifunguliwa, lori likasikika likinguruma nje, mlango ukafungwa.

"Mwingine," alisema karani.

Hivyo ndivyo walivyoishi. Zamani palikuwa na ziwa pale. Lilipokauka liliacha Uwanda, chumvi nyeupe hadi upeo wa macho, na ndani ya chumvi hiyo kulikuwa na madini ya betri ambayo mashine za hewa za mji haziwezi kwenda bila hayo. Vumbi la Uwanda lilikuwa laini kuliko unga. Barakoa ililipunguza tu. Lililobaki lilizuiwa na tabaka la seli ndani ya kifua cha mtu, au halikuzuiwa. Aliyetimiza umri alipimwa. Pafu lake likishika, alipewa koleo na nafasi ya kuishi ndani ya kuta. Likivuja, hakuwa na faida kwa mji, alitolewa nje ya geti na hakuonekana tena. Watu wa maabara peke yao ndio waliosamehewa kipimo.

Alasiri hiyo Nakiete alirudi maabara, akafungua kabati la joto na kutoa kisahani cha kundi linalofuata. Hakutakiwa kukigusa kabla ya siku yake. Lakini kikombe kimojawapo kilikuwa cha Senkondo, mdogo wake, mtoto aliyemlea mgongoni mama yao alipokuwa bado mchimbaji.

Alipima. Mia mbili arobaini.

Alifuta kijiti, akakiosha, akapima tena. Namba ilikuwa ileile. Akadondosha rangi ya manjano juu ya tabaka, akasubiri, kisha akanyonya tone la maji ya chini na kulitazama kwenye mwanga wa buluu. Lilimeremeta. Rangi ilikuwa imepenya. Akabadilisha maji yote mpaka yakawa meupe, akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa, akashika kichwa.

Yeyote aliyewahi kushika kile kijiti alijua jambo moja: ukipima baridi, namba hupanda. Pafu halijapona, umeme tu ndio unakuwa mvivu katika maji baridi. Ndiyo maana kisahani kilipimwa juu ya bamba lenye joto la mwili, ili kisidanganye. Bamba hilo lilikuwa na waya, na waya ulichomekwa chini ya meza, mahali ambapo hakuna aliyeinama isipokuwa Nakiete.

Siku ya Senkondo aliuchomoa. Kisahani alikiweka kwa muda mbele ya tundu la kiyoyozi, halafu akaingia nacho ukumbini.

"Senkondo Mgonja!"

Mia tatu thelathini na moja, kwa rangi ya kijani.

"Pafu linashika," alisema Nakiete.

Mama yao alipiga kigelegele kilichowafanya watu wacheke. Senkondo alimkonyeza dada yake, akapokea koleo lake jipya na kulipiga busu kama mpumbavu. Aliyemfuata alipita. Na aliyemfuata huyo. Kisahani kizima kilipita, hata msichana mmoja ambaye tabaka lake Nakiete alikuwa ameliona kwa hadubini likiwa na mapengo kama meno ya kizee. Ukumbi uliimba. Lori liliondoka tupu.

Hapo ndipo alipotambua kwamba alikuwa amepoza kisahani cha watu wote, si cha ndugu yake tu.

Daktari Shekiondo, mkuu wa maabara, alimwita siku iliyofuata baada ya chai. Alikuwa mtu mpole, mwenye ndevu nyeupe zilizochongwa vizuri, na aliwaita wafanyakazi wake wote wanangu. Kisahani cha jana kilikuwa mbele yake, na pembeni bamba lenye waya.

"Keti, mwanangu. Tangu nianze kazi hii sijaona kundi zima likipita."

"Ni bahati, Daktari."

"Bamba lina kumbukumbu ya joto lake. Hukulijua hilo?"

Nakiete aliteremka kitini akapiga magoti sakafuni. "Ni mdogo wangu, Daktari. Nisamehe. Nitoeni mimi."

"Inuka, unachafua koti." Shekiondo alimmiminia chai ya tangawizi, akamsogezea kikombe. "Unajua kwa nini sijawaita walinzi? Uwanda umekosa mikono. Kila mwezi napeleka vijana wenye misuli nje ya geti kwa sababu ya ile mia tatu, huku mashine za hewa zinalia njaa. Baraza halikubali kuushusha mpaka. Wanasema ni dhambi kumpeleka mtu anayevuja kwenye vumbi. Basi tutauacha mpaka palepale. Tutapima baridi."

"Watakufa."

"Si kwa mpigo. Anayevuja kidogo hupata msimu, pengine miwili. Msimu mmoja wa koleo ni madini mengi, mwanangu." Alitabasamu, na tabasamu lenyewe lilikuwa la kweli. "Na ukiona ni dhambi, nenda Barazani ukaseme. Watarudia kipimo cha jana kwa joto. Unajua nani atapanda lori kwanza."

Nakiete alikunywa ile chai. Baadaye ndilo jambo lililomuumiza kuliko yote: kwamba aliinywa hadi mwisho, na kwamba ilikuwa tamu.

Tangu siku hiyo bamba halikuchomekwa tena. Makundi yalipita, watu waliimba ukumbini, na wakaanza kumpenda Nakiete. Wanawake walimletea maandazi. Wengine walimwita mkono wa heri. Alikubali maandazi, akasema ahsante, akaenda nayo nyumbani ambako Senkondo aliyala matatu matatu huku akisimulia mambo ya Uwandani, jinsi jua linavyotoka chini ya miguu kwa weupe wa chumvi, jinsi wenzake wanavyoshindana kujaza toroli.

Kisha akaanza kula moja. Kisha akawa anakula nusu, akipumzika katikati.

Kikohozi kilikuja bila haraka. Kwanza alikifanyia mzaha, akisema kifua chake kinajifunza ngoma. Halafu mzaha ulihitaji pumzi ambayo hakuwa nayo. Siku alipotema povu la waridi kwenye beseni, mama yao alisema ni joto la jua, akaenda kuchemsha majani. Nakiete alibaki chumbani akimsugua mgongo. Chini ya kiganja chake mapafu ya mdogo wake yalikwaruza kama mchanga kwenye debe.

"Wenzangu waliopimwa na mimi," alisema Senkondo, akivuta hewa kati ya neno na neno. "Karibu wote tunakohoa hivi. Waliotutangulia hawakohoi. Dada, kwa nini?"

Nakiete alimsogezea beseni karibu.

"Ulinipima wewe mwenyewe."

"Mimi mwenyewe."

"Nilipita?"

Nje mama yao alikuwa akiuliza majani ya mnyonyo yako wapi. Nakiete aliendelea kusugua mgongo. Angeweza kusema ndiyo, na Senkondo angekufa akiamini kwamba ni bahati mbaya tu.

"Hukupita," alisema. "Ulikuwa unavuja. Nilipoza maji ili namba ipande. Sikuweza kukutoa nje, Senkondo. Sikuweza."

Senkondo akasogea mbele kidogo, kiasi cha mgongo wake kuachana na kiganja cha dada yake.

"Na wale wengine?"

"Na wale wengine."

"Mwambie mama aje anioshe," alisema. "Wewe usiniguse tena."

Aliishi siku chache baada ya hapo, na hakubadili neno. Nakiete alipoingia na maji aligeuza uso ukutani. Alipolala, Nakiete aliketi mlangoni na kuhesabu pumzi zake, na alipoamka akamkuta pale alisema kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko tusi, "Bado upo?" Siku ya mwisho alimshika mama yake mkono mmoja, na mwingine akauficha chini ya shuka ili dada yake asiupate.

Baada ya mazishi Nakiete alimweleza mama yao kila kitu, akitarajia kofi. Alilitamani. Yule mama alimsikiliza, akafuta pua kwa ncha ya khanga.

"Ulifanya vema," alisema. "Amefia nyumbani. Amezikwa na watu. Wa nje huliwa na ndege."

Asubuhi Nakiete aliingia ofisini kwa Shekiondo bila kubisha hodi.

"Nakwenda Barazani. Sina tena wa kutolewa."

Shekiondo alikuwa akimenya chungwa. Alilimenya lote kwanza, ganda likiteremka bila kukatika.

"Pole kwa msiba," alisema. "Nilikusudia kuja. Unataka kuwaambia nini Baraza? Kwamba wapime kwa joto, wale wanaovuja watolewe nje, mambo yarudi kama zamani?"

"Ndiyo."

"Kwa sababu kufia nje ni bora kuliko kufia kwenye chumvi?"

Shekiondo alijipangusa vidole, akageuza kioo cha kompyuta yake kumwelekea.

"Hii imepigwa na ndege isiyo na rubani. Tunairusha milimani kila baada ya mvua kuangalia upepo wa vumbi."

Picha ilikuwa ya mteremko wa kijani. Nakiete hakuwahi kuona kijani kingi namna ile mahali pamoja. Kulikuwa na matuta yaliyofuata umbo la mlima, mapaa ya nyasi, moshi wa majiko. Watu wadogo kama punje za mtama walitembea kwenye njia. Mmoja alikuwa amebeba kitu kichwani, na nyuma yake kilimfuata kipunje kingine, kidogo zaidi.

"Ni nani hao?"

"Unawajua. Uliwapima."

Aliinama mpaka paji lake likakaribia kioo. Alitafuta fundi baiskeli, alitafuta uso wowote, lakini kamera ilikuwa juu mno, na kila punje ilifanana na nyingine.

"Vumbi halifiki kule," alisema Shekiondo. "Pafu linalovuja halina shida mahali ambapo hakuna vumbi. Si wote wanaofika. Njia ni ndefu, haina maji, na lori huwaachia mbali. Wengi huanguka. Lakini wanaofika wanalima, wanazaa. Mdogo wako alikuwa na miguu mizuri. Naamini angefika."

Alisema hivyo bila hasira, kama mtu anayesahihisha hesabu ya mwanafunzi. Nakiete alishika ukingo wa meza.

"Kwa nini hamkuwaambia watu?"

"Nani angeshika koleo?" Shekiondo alimpa kipande cha chungwa. "Wanashika kwa sababu wanaogopa nje. Ukiwaambia hawatakuamini, na wakikuamini Baraza litafunga geti wasitoroke, lisifunguliwe tena hata kwa lori. Nenda sasa. Una kundi la kupima juma hili, na ni kubwa."

Kundi lilikuwa kubwa kweli. Visahani vilijaza rafu nzima ya kabati. Nakiete alivipima kimoja kimoja kwa joto la haki. Wachache walivuja. Wengi walishika vizuri; watu hao wangeweza kuchimba miaka na miaka, wakaoa, wakalea watoto watakaopimwa nao.

Alisimama mbele ya kabati na kufikiri juu ya njia isiyo na maji. Kila kikombe kilikuwa na jina. Kama angewaacha, wanaovuja wangekufa Uwandani, na hilo alilijua kwa macho yake. Kama angepima kwa haki, wale wachache wangetolewa peke yao na kuanguka njiani bila wenye nguvu wa kuwashika mkono. Kama angewatoa wote, baadhi wangekufa njiani, na miongoni mwao wangekuwemo wenye mapafu mazima ambao hawakuwa na haja ya kufa. Hakuna aliyempa ruhusa ya kuchagua. Mara ya kwanza pia hakuna aliyempa.

Seli haziwezi kushikana bila kalsiamu, madini yaleyale ya chokaa yanayojenga mfupa. Ukiyaondoa majini, mikono yao inaachia. Nakiete alichanganya dawa inayoyanyonya, akaimimina kwenye kila kikombe kwa pipeti ya kudondoshea, safu baada ya safu, mkono wake ukiwa mtulivu. Chini ya hadubini aliona mistari iliyounganisha seli ikififia, kisha mapengo yakafunguka kila mahali. Alibadilisha maji. Akabeba visahani ukumbini.

Shekiondo alikuwa ameketi mstari wa mbele, kando ya wazee wa Baraza, amekunja miguu.

"Naetwe Kangero," aliita karani.

Msichana mrefu alisogea, akimcheka mtu nyuma yake. Mia moja na kumi.

"Pafu linavuja."

Kicheko kilimkatikia usoni. Aliyefuata, tisini na tano. Linavuja. Themanini. Linavuja. Mwanzoni watu walilia mmoja mmoja, familia kwa familia. Baadaye kilio kikawa kimoja, na karani alilazimika kupaza sauti ili majina yasikike. Mzee mmoja wa Baraza alisimama akitaka kijiti kibadilishwe. Kilibadilishwa. Akataka bamba liguswe. Nakiete alikuwa amelichomeka. Lilikuwa na joto la mwili, sawasawa na sheria. Namba hazikubadilika.

Shekiondo alikuwa mweupe midomo. Aliinuka nusu, akafungua kinywa. Watu wote walimtazama, wakingoja mkuu wa maabara aseme kuna kosa. Lakini akisema kipimo kinaweza kuchezewa, wangemuuliza kilianza kuchezewa lini, na ukumbi ulikuwa umejaa wajane wa waliokwisha kufa kwa kikohozi. Akaketi.

Ilibidi yaitwe malori mengine. Nakiete aliwafuata hadi kwenye ua, katikati ya walinzi na akina mama waliokuwa wakijigaragaza. Alimfikia yule msichana mrefu aliyekuwa tayari amepandishwa, akasimama chini ya ubao wa lori.

"Fuateni mlima," alimwambia kwa sauti ya chini, kwa sababu mlinzi alikuwa karibu. "Tembeeni asubuhi tu. Msiachane."

Naetwe alimtazama mpaka akamaliza. Kisha akainama na kumtemea mate. Yalimpata kwenye shavu.

"Mchawi," alisema.

Lori liliondoka. Bibi mmoja alimpiga Nakiete na kiatu mgongoni, na mwingine akamvua kitambaa cha kichwa. Miongoni mwa waliosimama alimwona mama yake. Alijipenyeza hadi kwake.

"Mama, wataishi. Sikiliza, kule kuna—"

"Wa kwako ulimtafutia njia abaki," mama yake alisema, mbele ya wote. "Wa wenzako umewatupa. Mimi sikuzaa mtu wa namna hiyo." Akajifunga khanga, akaondoka na wale waliokuwa wakilia, akawashika mabega mmoja baada ya mwingine.

Geti lilifungwa. Vumbi la malori lilibaki hewani kwa muda, kisha likatua juu ya viatu vilivyoanguka.

Shekiondo alikuja na walinzi wawili. Hakumwita mwanangu.

"Unajua nimebaki na mikono mingapi Uwandani?" aliuliza. "Unajua?"

Nakiete aliuangalia upande wa mlima, lakini ukuta ulikuwa mrefu, hakuona kitu.

Walimvua koti palepale uani. Mlinzi mmoja alimpa koleo, mwingine akamrushia barakoa iliyokwisha kutumiwa, kamba yake moja imekatika. Alifunga ile iliyobaki, akaishikilia ya pili kwa mkono, akaongozwa kwenye mlango wa Uwandani.

Hakuna aliyejisumbua kumpima.